Siku Saba za Kipupwe

Kila Januari dadangu aliyehamia Toronto hunitumia picha: miti mitupu isiyobakisha hata jani moja, theluji imelala juu ya magari, ziwa limeganda ukingoni. Picha nzuri, nazihifadhi zote. Mwaka huu akaongeza maneno yaliyonikaa kooni: "Wewe huna cha kunitumia. Kwenu ni jua tu mwaka mzima." Kwenu! Huyu ni mtu aliyezaliwa Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, akalelewa Kuze. Nikamwambia asubiri Julai.

Julai imefika. Nimechukua likizo ya wiki moja na kuazima kamera ya ammi. Masharti tumewekeana kwa simu: picha moja tu kwa siku, na kila picha iende na jina la mti au mahali kwa Kiswahili, ili wanawe waliozaliwa kule wayasome kwa sauti.

Jumamosi, Mama Ngina

Nilifika ufuoni saa kumi na mbili kasorobo, kungali giza. Upepo wa kusi umeanza tangu mwezi wa nne, lakini ni sasa ndipo unapovuma kwa nguvu zake zote. Ukisimama Ras Serani, karibu na mnara wa taa, unakupiga usoni bila kituo, na chini mawimbi yanapasuka kwenye mwamba kama mtu anayefunga milango kwa hasira. Si baridi ya kugandisha vidole. Alfajiri hizi ni nyuzi 21 au 22, na kwa mtu aliyetoka kwenye joto la Machi hizo ni nyuzi za kutafuta sweta. Muuza kahawa alikuwa amejitanda shali juu ya kofia.

Jua lilichomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, na hapa kuna jambo ambalo sisi wapiga picha wa Mombasa hatulisemi vya kutosha. Mji huu uko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Ifikapo tarehe 21 Juni jua huwa limekwisha safari yake ya kaskazini, na Julai nzima lingali upande huo. Saa sita mchana halikai utosini kama lifanyavyo Machi na mwanzo wa Oktoba. Huinama, na kivuli chako kikalala upande wa Likoni. Kwa hivyo hata mchana mwanga unaingia kwa pembeni, na gome la mti linaonyesha kila mkunjo. Kwa hesabu ya mbingu, hiki ndicho kipindi chetu cha baridi, kama Januari ilivyo yao. Nilimwandikia dadangu hivyo hivyo.

Saa mbili nzima nikawa na mibuyu. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa ukavu, lakini kila mmoja una kalenda yake: huu umejaa majani mabichi, jirani yake hatua kumi kando umeingia manjano, na wa tatu umeshabaki matawi matupu. Niliuchagua wa tatu, mawingu ya kijivu nyuma yake. Ukiyatazama matawi peke yake utadhani ni mti wa Toronto. Kisha jicho lishuke kwenye shina lile, pana kama chumba, na hapo huwezi tena kukosea ni wapi.

Kwenye ukuta alikaa mzee mvuvi, chombo chake kimepandishwa pwani hadi bahari itulie. Akaniuliza, "Wapiga bahari, au wangoja nyangumi?" Nyangumi wa nundu hupita pwani yetu kuanzia Julai, wakipanda kutoka maji ya barafu ya kusini ili wazae kwenye maji ya vuguvugu. Nikangoja naye kama nusu saa. Hatukumwona hata mmoja, ila meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini polepole.

Nyumbani ndipo nilipogundua kwamba picha zaidi ya thelathini zina utandu mweupe. Ni chumvi. Kusi hurusha manyunyu ya bahari yasiyoonekana, yakakauka kwenye lenzi. Tangu leo nabeba kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba, kwanza kuilegeza ile chumvi, kisha kingine kikavu. Ukifuta kavu moja kwa moja unakwaruza kioo, na kamera si yangu.

Iliyokwenda: *Mbuyu, Mama Ngina.*

Jumapili, Mikindani

Maji yalikuwa ya bamvua na yangepwa kabisa karibu saa tano. Kijana wa mtaa anayevua kaa alikubali kunitembeza kwenye mikoko ya hori la Tudor. Yeye pekupeku, mimi na viatu vya mpira vilivyozama kwenye tope hatua ya tatu. Nikavivua.

Huku kusi haifiki. Maji yametulia, na harufu ni ile ya tope la kale ambalo mtu aliyekulia hapa haichukii. Tulianza upande wa nchi kavu, kwenye michu. Kijana akachuma jani, akaligeuza, akanipa nilambe. Chumvi tupu. Mchu hunywa maji ya bahari, na chumvi isiyotakiwa ikatolewa nje kupitia majani. Umande wa asubuhi ukishakauka, punje zinabaki juu ya jani ziking'aa. Nilipiga picha ile mara ishirini na mbili nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, na mara mbili tu punje zilionekana.

Baada ya michu tukapita mikandaa, mifupi, ambayo maganda yake yalitumika kutia rangi nyekundu na kulainisha ngozi. Kisha tukaingia kwenye mikoko yenyewe. Hapa nilinyamaza. Mizizi imepinda hewani kama mbavu za jahazi lisilopigwa mbao, shina baada ya shina, na mwanga wa kipupwe unapenya kwa pembeni mpaka chini kabisa, kitu ambacho jua la Februari haliwezi kukifanya kwa kuwa lenyewe linamwagika kutoka juu. Mwisho kabisa, mguu ndani ya maji, ilisimama milalana, au mililana kama alivyonisahihisha kijana, na mizizi yake midogo iliyochomoza kwenye tope kama vigingi vya kufungia mbuzi. Ua la mlilana hufunguka usiku na popo hulitembelea. Tulizikuta nyuzi zake nyeupe zimelala juu ya tope, sherehe imeshakwisha.

Nataka kueleza kitu kuhusu boriti, kwa sababu dadangu amelala chini ya boriti za mkoko miaka ishirini bila kujua. Vyumba vya nyumba za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mti wa mkoko ndio uliopima nyumba. Na majahazi yaliubeba mti huo hadi Arabuni, ukapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Serikali ilikataza kuuza mikoko nchi za nje mwaka 1982, lakini visiki nilivyoviona leo si vya 1982. Vina utomvu. Na palipokatwa, tope limekuwa jeupe na gumu, chupa za plastiki zimeziba mifereji, na maji taka ya mji yanaingia bila haya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, hapo karibu, mpaka mizizi ikazikwa na mikoko mingi ikafa imesimama. Kwa hivyo huu si mti wa kudumu kwa vyovyote vile. Kijana alisema, "Ukiukata huu, maji yakija hayana wa kuyaambia taratibu."

Kwenye waya wa umeme, tukitoka, walikuwa keremkerem sita. Hawa ni wale wa Bukini, yaani Madagaska, wenye utosi wa hudhurungi. Kule kwao sasa ni majira ya baridi, nao huvuka bahari kuja kuikalia pwani yetu mpaka karibu Septemba. Wageni wanakuja Mombasa kuota jua siku zile zile ambazo muuza kahawa anajitanda shali.

Picha niliyochagua ni ndogo: tunda la mkoko, refu kama kijiti, limeanguka wima likajichoma kwenye tope, na juu yake yamechipua majani mawili. Jibu lilikuja usiku. Mwanawe mdogo kasema ni kalamu.

Iliyokwenda: *Mche wa mkoko, Mikindani.*

Jumatatu, Mji wa Kale

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi kupiga asumini zake, zile zilizo kwenye mapipa uani. Nikakuta majani tu.

"Kipupwe asumini hulala, mwanangu," aliniambia, bila kuacha kupepeta mchele. "Ungoje kaskazi irudi. Saa hii hata vikuba havipatikani vizuri, wauzaji wanatia rihani nyingi na asumini mbili tatu za kuombea radhi."

Nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaiona picha kichwani. Nikatoka nje kwenye baraza, nikakaa. Mkungu wa jirani ulikuwa unaangusha majani. Sijui ni mara ngapi nimeyakanyaga majani ya mkungu bila kuyatazama. Kabla ya kuanguka hayanyauki: yanawaka. Jani moja lina zambarau, nyekundu ya damu, na rangi ya chungwa kwenye mshipa, na bado upande mmoja una kijani. Dadangu hutuma picha za miti ya Kanada ikigeuka nyekundu kila Oktoba kana kwamba jambo hilo hutokea huko tu. Nikaokota jani moja, nikaliweka kwenye ngazi ya mawe ya matumbawe, nikasubiri wingu lipite. Picha moja, ikatosha.

Iliyokwenda: *Jani la mkungu, mlangoni kwa shangazi.*

Jumanne

Mvua. Ni mchoo, mvua za vijitone za majira haya, lakini leo umenyesha kama uliokuwa na deni. Sikutoka. Nilipiga tone kwenye waya wa kuanikia nguo, nikalituma.

Jumatano, Bamburi

Ukitaka kujua mti unaweza kufanya nini, nenda Haller Park. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe pale kwa miaka, kikaacha shimo jeupe lenye maji ya chumvi chini yake, lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti humo. Mingi ilikufa. Mvinje ulishika. Mti huu unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani, kwa hivyo haungoji udongo wenye rutuba. Shida ikawa nyingine: sindano zake zilianguka zikarundikana bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo walikula sindano, kinyesi chao kikawa udongo, na kwenye udongo huo ikaja miti mingine, ndege, na kila kitu unachokiona leo.

Wengi huenda kule kwa ajili ya viboko na kobe. Mimi nilimtafuta jongoo. Mvua ya jana ilikuwa imewatoa wote, weusi, wanene kama kidole gumba, wanatembea juu ya zulia la sindano bila haraka. Nililala kifudifudi. Juu yangu kusi ilikuwa inapita kwenye mivinje, na sauti yake ni kama ya bahari iliyo mbali, ukifumba macho hutajua ni ipi. Sauti hiyo haiingii kwenye picha. Nimejaribu njia zote: matawi yaliyopinda, sindano zilizotikisika zikawa ukungu wa kijani. Karibu, lakini bado.

Mchana nikashuka ufuoni. Mwani na majani ya bahari yamerundikana hadi magotini, kazi ya kusi, na vijana wa hoteli wanayakokota kwa reki kuyaficha wageni wasiyaone. Nilitamani wayaache. Chini yake kuna kaa wadogo na ndege wanaokula, na mtambaa ule wa maua ya zambarau, wenye majani yaliyopasuka kama kwato ya mbuzi, umepanda juu ya rundo na kulishika mchanga wake.

Iliyokwenda: *Jongoo na sindano za mvinje, Bamburi.* Dadangu amelalamika. Watoto wamefurahi.

Alhamisi, Shimba Hills

Hii ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja. Feri ya kwanza kwenda Likoni, kisha matatu ya Kwale. Barabara inapanda, na ukifika juu uko karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari. Kimo hicho kinatosha. Kusi inatoka baharini imebeba unyevu, inagonga vilima, inapanda, inapoa, na unyevu unageuka ukungu. Kwale mjini taa za magari zilikuwa zinawaka saa mbili asubuhi. Mama aliyeuza mahamri alikuwa amevaa koti la mumewe.

Ndani ya hifadhi, ambayo imelindwa tangu 1968, tulitembea na askari wa wanyamapori kuelekea maporomoko ya Sheldrick. Msitu ulikuwa unadondoka. Kila jani lina tone lake, kila tone linaanguka kwa wakati wake, na hakuna upepo. Kamera huzidanganya nafsi zao kwenye ukungu: zinauona weupe mwingi, zinafikiri kuna mwanga kupita kiasi, zinautia giza. Picha zangu za mwanzo zilikuwa kijivu kama moshi wa mkaa. Ilibidi niongeze mwanga kwa mkono mpaka ukungu ukawa mweupe kama ulivyo.

Askari alinionyesha mtapo, mti ambao huwezi kuamua ni mnazi mfupi au ni jimbi kubwa. Si hiki wala kile. Ni ukoo wa kale mno, wa kabla ya maua kuwepo duniani, na unazaa kitu kama bunzi kubwa la hindi. "Zamani wakati wa njaa watu walikula unga wake," alisema, "lakini mpaka ujue kuutoa sumu." Ulisimama peke yake penye nyasi, ukungu nyuma, na matone kwenye ncha za majani yake makali. Niliupiga kwa dakika arobaini na askari hakulalamika hata mara moja. Nilimwambia ahsante lakini nadhani hakujua ni kwa lipi.

Maporomoko yenyewe, mita 21, yalikuwa na maji ya kutosha kwa sababu ya mchoo. Nilinawa uso, nikatetemeka. Palahala, wale wanyama weusi wenye pembe za upanga, ambao Kenya nzima wanapatikana hapa tu, walijitokeza mara moja kwa mbali kama wino kwenye karatasi iliyolowa, kisha ukungu ukawafunika. Sina picha yao na siyajutii yale niliyoyaona kwa macho.

Kurudi, nilipoingia kwenye matatu iliyojaa watu, lenzi baridi ikajaa mvuke hapo hapo. Nikaifunga kamera ndani ya kanga mpaka Likoni.

Iliyokwenda: *Mtapo, Shimba Hills.* Jibu: "Sasa hii ni baridi kweli." Nikaona nimeshinda, nikalala mapema.

Ijumaa, Kisauni, kisha kwa shangazi

Mwembe wa boribo ulio nyuma ya nyumba yetu umetoa maua. Kila mwaka tunasema "miembe imechanua" na tunangoja Desemba, lakini ni baridi hii inayofanya kazi yenyewe. Usiku ukipoa, kichipukizi kilichokuwa kiwe majani hugeuka kikawa ua. Pasipo kipupwe maembe yangekuwa haba. Nilipanda ngazi nikayasogelea: maua madogo mno, ya manjano yenye mshipa mwekundu, maelfu kwenye kishada kimoja, na nzi wanayafanyia kazi kuliko nyuki. Vishada vya upande wa kusi vimepatwa na mvua ya Jumanne, vimeanza kuwa vyeusi. Vilivyojificha nyuma ya shina vizima. Nilivituma hivyo vizima.

Mchana nilichapisha picha zote saba kwenye studio na kumpelekea shangazi. Alizipanga juu ya mkeka moja moja, akazitaja kwa kidole. Ya jongoo aliigeuza chali. Ya jani la mkungu aliitazama kwa muda, akainuka, akaipachika kwenye kioo cha kabati, kando ya picha ya marehemu mjomba.

Tulikuwa tunakunywa chai saa kumi na moja jioni simu ilipolia. Dadangu, kwa mara ya kwanza wiki hii, alikuwa ametuma picha yake: pipa la plastiki kwenye roshani ya ghorofa, majengo marefu nyuma, jua kali la kiangazi chao, na asumini. Asumini kweli, imechanua, zaidi ya kumi. Anauingiza ndani kila Oktoba, aliandika, na kuutoa nje tena theluji ikishakwisha. Hakuwahi kuniambia.

Nikampa shangazi simu. Aliivuta karibu na macho, akaisogeza mbali, akaivuta tena. Uani kwake mapipa yalikuwa na majani tu.

"Muulize yanukia?"

Nikaandika. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini.

"Usiku, shangazi. Kama kwetu."